Pumzi ya Canelito

Katika ua wetu, tarehe ishirini na tatu ya Desemba ilikuwa na utaratibu wake, na ole wake aliyeuvuruga. Kwanza tuligawana nusu kwa nusu: hawa nje na mishumaa wakiimba kuomba pa kulala, hawa ndani wakiimba kuwakatalia, mpaka wa ndani wachoke kukataa na mlango ufunguliwe. Kisha watoto walifungwa vitambaa machoni, mmoja mmoja, wakapiga kwa fimbo kile chungu kilichovishwa makaratasi ya rangi mpaka kikapasuka na kumwaga karanga na machungwa. Halafu Bwana Fermín wa chumba cha nne akatoa televisheni yake, ile yenye kisogo kirefu, akaikalisha juu ya karo la kufulia, akaingiza mkanda kwenye deki. Aliyekuwa na sufuria jikoni alizima moto. Canelito ameanza.

Sijui katuni ile ilitengenezwa nchi gani. Nyumba zake zina paa kali kama kofia na watu wake wana pua ndefu, si watu wa Mexico. Lakini punda wake ni wetu, kwa sababu ya sauti. Kanisa la kijiji kimoja mlimani limepasukiwa na kengele, Krismasi ni kesho, na kengele mpya iko bondeni. Punda wakubwa wanaibeba mpaka kwenye daraja la kamba, wanaangalia chini, wanageuka. Anabaki Canelito, rangi ya mdalasini, masikio makubwa kuliko mwili. Mwenye kengele anamwambia, rudi nyumbani, wewe huwezi. Punda anainua uso.

"Mimi ni mdogo, lakini njia… naijua."

Pale katikati, baada ya "njia", anavuta pumzi. Si mahali pa kuvuta pumzi. Hakuna binadamu anayekata maneno pale. Na kwa kuwa mdomo wa punda kwenye picha haukusubiri, unamwona anatafuna hewa, mdomo unakwenda na sauti hakuna, kisha "naijua" inatoka ikiwa imechelewa kidogo, nyembamba, kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo. Nilipokuwa mtoto nililia kila mwaka mahali hapo hapo. Na kila mwaka ua mzima, watu arobaini, wazee na watoto na hata Bwana Fermín asiyeamini kitu, tulivuta pumzi ile pamoja naye. Hhh. Ungesikia. Ilikuwa kama ua wenyewe una mapafu.

Mtu mmoja tu hakuwepo. Bi Otilia wa chumba cha tisa alifunga mlango wake kabla mkanda haujaingizwa, akazima taa, akakaa kimya mpaka mwisho.

Na sote tulijua kwa nini hilo lilikuwa ajabu. Canelito alikuwa yeye. Miaka arobaini iliyopita Bi Otilia Barragán alifanya kazi ya kutia sauti katika katuni za ng'ambo, na sauti ya punda yule ilitoka kooni kwake, ingawa jina lake halikuandikwa popote. Enzi hizo hawakuwaandika.

"Anaringa," Bwana Fermín alisema, akipuliza ponche yake, kile kinywaji cha moto cha mapera na miwa. "Nyota haikai na watazamaji kwenye ndoo iliyopinduliwa."

"Ungempa kiti," mkewe alimjibu.

"Nilishampa. Mwaka wa tisini na moja. Akaniambia kiti changu kina kunguni."

"Kilikuwa nao."

Mimi sikuona kama anaringa. Nilimwogopa tu kidogo, kwa jinsi unavyomwogopa mtu unayemheshimu sana. Alikuwa mwembamba, nywele kazitia rangi ya zabibu, na alifunga skafu shingoni hata Mei, jua likipasua lami. Nilimjua kabla sijamjua. Mama yangu alipiga pasi nguo za watu, na Jumamosi jioni aliweka pasi wima na kukaa chini kwa nusu saa tu, kutazama vichekesho vya duka la Don Sabás. Don Sabás alipunja kila mteja. Msaidizi wake alilala juu ya gunia la maharage kutoka sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho, na akiwa usingizini ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Na juu ya duka palikuwa na dirisha lenye pazia. Jirani, Bi Chayo, hakuonekana hata mara moja, kwa miaka sita hawakumwonyesha hata mkono. Pazia lilitikisika tu, sauti ikashuka:

"Sabás, toa kidole kwenye mizani. Kidole hicho nilishakinunua wiki iliyopita."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa mtu wa kucheka. Siku hizi nikitazama vichekesho vipya, vile vya kupiga kelele na kuvuana nguo, nawakumbuka watu wale waliojua kumchekesha mpiga pasi aliyechoka kwa pazia na sauti. Hiyo nayo ilikuwa sauti ya Bi Otilia. Sauti mbili za utoto wangu zilikuwa zinaishi mlango wa tano kutoka kwangu, zikinunua vitunguu viwili viwili.

Sasa niseme kuhusu sauti yangu mimi. Nina miaka ishirini na sita, nina mtoto wa miaka minne anaitwa Dafne, na nikipokea simu watu wananiambia, "Mtoto, mpe mama simu." Muuza gesi hukataa kuniachia mtungi mpaka mtu mzima atoke. Uani wananiita Filimbi. Kwenye kibanda cha juisi ninakofanya kazi, mwenye kibanda aliniambia nisiite wateja, niwapungie mkono. Nilikuwa nimezoea kuiona sauti hii kama mguu mfupi, kitu cha kufichwa chini ya sketi ndefu.

Mwalimu Rebeca wa darasa la jioni ndiye aliyeniona vingine. Namalizia sekondari yangu pale, Jumatatu mpaka Alhamisi. Alikuwa akinipa mimi kusoma kwa sauti, sio kwa sababu nilijua kuliko wengine, bali alisema nikisoma hakuna anayesinzia. Novemba akanishikisha karatasi aliyoibandua ukutani kwa chama cha waigizaji. Studio moja ndogo ya upande wa Coyoacán ilikuwa imepata picha safi za Canelito, bila mikwaruzo, ila sauti ya zamani ilikuwa imeharibika, haitengenezeki. Wangeitia upya, maneno yale yale. Walitafuta mwanamke mwenye sauti ya mtoto. Majaribio ni Jumamosi ya pili ya Desemba, wasio na uzoefu wanaruhusiwa.

Nilikaa na karatasi ile siku tatu. Nilitaka kazi ile jinsi ninavyotaka Dafne asiumwe. Nilitaka kitu kimoja nilichozaliwa nacho, ambacho watu wote wamekicheka, kiwe na mahali pake. Siku ya nne nikagonga chumba cha tisa.

Bi Otilia aliisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Kwa hiyo wanamzika," alisema.

"Hapana, Bibi. Wanamfufua."

"Ni yale yale, inategemea umesimama upande gani wa kaburi." Alinirudishia karatasi. "Na wewe unataka nini kwangu? Baraka? Nenda kanisani, padri anazo."

"Nataka unifundishe."

Aliniangalia. Kisha akachukua juu ya friji kijikaratasi cha kampuni ya maji, cha kutangaza mgao. "Soma."

Nikasoma. Kesho maji yatakatika kuanzia saa nne mpaka saa kumi, wakazi wanaombwa kuhifadhi. Nilisoma kama ninavyomsomea Dafne. Nilipomaliza, Bi Otilia alikuwa amekaa.

"Umewahi kuvuta sigara?"

"Hapana, Bibi."

"Usianze. Ingia. Lakini kuna sharti, na ukilivunja nitakukana mbele za watu. Ile sentensi ya darajani utaisema mfululizo. Bila kukata. Bila ile pumzi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bibi, pumzi ndiyo—"

"Pumzi ni kosa."

Akaniambia, macho yakiwa kwenye skafu aliyokuwa akiifungua na kuifunga. Siku ile alikuwa na mimba ya Efrén, mwanawe anayekaa Monterrey sasa, amebakiza wiki mbili. Wakati ule hawakurekodi mmoja mmoja kama sasa. Walisimama wote kuzunguka kimeza kimoja na maikrofoni moja: punda, mwenye kengele, mjane, padri, kila mmoja akisogea zamu yake ikifika na kurudi nyuma kwa vidole vya miguu. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Walikuwa wamesimama tangu asubuhi. Tumbo lilikuwa limempanda mpaka mbavuni, na alipofika kwenye "njia", hewa ikaisha. Akavuta nyingine. Akamaliza. Alimgeukia mwongozaji kuomba irudiwe, mwongozaji akatazama saa. Mkanda ulitakiwa kituoni jioni ile.

"Akaniambia, watoto hawatagundua," Bi Otilia alisema. "Nilikuwa mtu wa kazi, mwanangu. Miaka ishirini sijawahi kukosa mdomo wa mtu. Mdomo ukifungwa nami nimefunga. Na katika yote niliyofanya, kilichobaki ni kile kimoja nilichokosea."

"Lakini watu wanakipenda, Bibi. Uani wanavuta pumzi wote pamoja na—"

"Nawasikia. Ukuta huu ni wa karatasi. Kila mwaka watu arobaini wananikumbusha. Sikufungi mdomo, mwanangu, mimi najua kuchekwa, nimeishi kwa kuchekesha. Ila sipendi kuchekwa nisipotaka."

Miaka yote ile. Tulidhani anaringa, kumbe alikuwa amekaa gizani akisubiri tumalize kumwadhibu. Nilitaka kumweleza, na maneno yangu yote yalikuwa madogo. Nikasema, "Nitaisema bila kukata." Nikaahidi.

Akanifundisha wiki tatu. Saa moja asubuhi, kabla sijaenda kibandani, Dafne akinywa maziwa yake chini ya meza. Nilijifunza kwamba hutazami karatasi, unatazama mdomo wa picha, karatasi unaiweka kichwani. Kwamba unakula kipande cha tufaha bichi kabla ya kuanza, ili mate yasipige kelele. Kwamba huvai nguo ya nailoni, inaongea. Kilio hakitoki kooni, unasimama kwa ncha za vidole na mwili unalia wenyewe. Mtoto halegezi sauti anapoogopa, anaikaza. Alinionyesha hayo yote kwa kunong'ona, bila kutumia sauti yake, kama mtu anayekufundisha kucheza dansi akiwa amekaa.

"Filimbi anafunzwa kuwa punda," Bwana Fermín aliniambia karoni. "Wengine tumekuwa punda bila kwenda shule."

"Ndiyo maana hujapata cheti," nilimjibu, kwa sauti ya Bi Chayo, ile ya dirishani. Ilinitoka tu. Akaacha kusugua soksi. Chumba cha tisa kilikuwa wazi, na nilisikia mtu anacheka mle ndani, kicheko kifupi, kikakatwa haraka.

Jumamosi ya majaribio mkwe wa Bwana Fermín, anayenishikia Dafne, aliamka na homa. Nikasimama uani na mtoto mkononi, viatu nimevaa, karatasi mfukoni. Bi Otilia alitoka na mkoba.

"Siendi kukusindikiza," alisema. "Naenda kumshika mtoto. Na nikaone kama bado wana vile viti vibaya."

Walikuwa navyo. Vilipangwa kwenye korido ndefu iliyobandikwa zulia ukutani, na wanawake saba walikuwa wamekaa, wamependeza, wengine wamesomea kazi ile chuoni. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake, na kila mmoja alikuwa akifanya kitu kimoja. Mdomo unasema kimya, halafu: hhh. Wa pembeni: hhh. Yule wa mwisho, mwenye hereni za ganda la nazi: hhh, akatikisa kichwa, akarudia. Korido nzima ilisikika kama zahanati ya wenye pumu.

Bi Otilia alikaa, akampakata Dafne, akasikiliza.

"Wana nini hawa?"

"Wanajifunza, Bibi."

"Wanajifunza nini?"

Sikutaka kumjibu. Nikamjibu. "Kosa lako."

Dafne alimvuta skafu, naye akamwachia. Mwenye hereni za nazi aligeuka akamwambia kwa upole, kama unavyomweleza mtu mzima aliyekuja kusindikiza, "Pale ndipo pagumu, mama. Pengine pote mtu anaweza. Mimi napiga mazoezi ya pumzi ile tangu nina miaka sita. Tulikuwa tunashindana na dada yangu, nani anaipata."

"Na nani alishinda?" Bi Otilia aliuliza.

"Hakuna. Haipatikani."

Nilimwangalia Bi Otilia, nikamsubiri anifungue kwenye ahadi ile. Neno moja tu lingetosha. Alikuwa akitazama zulia la ukutani. Wakaita jina langu. Lizbeth Ocampo. Nikaingia nikiwa na tufaha mdomoni na ahadi yangu, nikijua kwamba wanawake saba wote wataivuta pumzi ile na mimi peke yangu sitaivuta, na kwamba hivi ndivyo nitakavyoikosa kazi.

Walimruhusu Bi Otilia kukaa na mtoto upande wa pili wa kioo, kwenye kochi, kwa kuwa korido ilikuwa na baridi. Hawakujua ni nani. Palikuwa na mwongozaji, kijana anaitwa Iker, viatu vyeupe pe, na fundi wa sauti, Nabor, mtu wa makamo mwenye tumbo lililokaa juu ya mapaja kama paka. Mimi nilisimama peke yangu chumbani na kimeza na maikrofoni. Nilivaa hedifoni. Picha ikaja.

Sijawahi kumwona Canelito msafi hivyo. Manyoya yalionekana moja moja. Niliogopa ningelia, nikasimama imara, nikatazama mdomo. Punda akainua uso.

"Mimi ni mdogo, lakini njia naijua."

Mfululizo. Kila mdomo ulipofungwa nami nilifunga. Punda hakutafuna hewa hata chembe. Nilijua nimeisema vizuri, jinsi unavyojua sindano imeingia tunduni kabla hujaangalia.

Sauti ya Nabor ikaja masikioni kutoka nyuma ya kioo. "Na pumzi imekwenda wapi?"

"Subiri," Iker alisema. Hawakuwa wamezima kitufe, niliwasikia wote. "Imekaa. Mdomo umekaa kabisa. Ya zamani ilikuwa imechelewa, tazama, hapa na hapa. Hii ndiyo sahihi."

"Sahihi. Sawa. Na wewe umesikia nini tumboni?"

"Nabor, hatupimi matumbo."

"Mimi nimesikia tangazo la benki. Sauti ya huyu dada ni yenyewe, sijapata nyingine leo, nywele zimenisimama alipoanza. Halafu amefika pale akapita, kama basi linapita kituo chako." Akaniuliza mimi. "Dada, nani kakufundisha kuitoa?"

Nilifungua mdomo. Sikusema. Nilikuwa nimeahidi kuisema bila kukata, sikuwa nimeahidi kutomtaja, lakini ilikuwa kitu kimoja.

"Ni mimi," Bi Otilia alisema, kutoka kwenye kochi.

Wakageuka. Dafne alikuwa amelala begani kwake, mdomo wazi. Bi Otilia hakuinuka, kwa ajili ya mtoto.

"Mimi ndiye niliyeikosea, na mimi ndiye niliyemwambia aitoe. Nilikuwa na mimba kubwa. Hewa iliniishia. Nikaomba kurudia, wakaninyima."

Nabor akafanya kitu ambacho sijamwona fundi mwingine akifanya: alitoa mikono yake kwenye mitambo, akaiweka magotini.

"Mama," alisema. "Sisi nyumbani tulikuwa tisa. Baba yetu alikuwa mtu wa fimbo. Kila Krismasi, ikifika pale, naye alivuta. Nilimwangalia yeye, si televisheni. Ndiyo maana nikasomea sauti. Nilitaka kujua nani aliweza kumfanya baba yangu aishiwe na pumzi."

Bi Otilia alimtazama mtu mzima yule. Aliniangalia mimi kupitia kioo. Kisha akamgeukia Iker, ambaye masikio yalikuwa yamemwiva.

"Na wewe, kijana? Wewe wa midomo sahihi. Kwenu mlivuta?"

"Tulivuta," Iker alisema, akitazama viatu vyake. "Bibi yangu alituzuia kula karanga dakika hiyo. Alisema tutapaliwa."

Alicheka Bi Otilia. Safari hii hakukikata kicheko. Kikatoka chote, na ndani yake nilimsikia Bi Chayo wa dirishani na punda wa daraja, wote wawili, wazee kidogo.

"Basi nilimfundisha vibaya," alisema. "Mpeni mara nyingine."

Nikarudia, nikaivuta pumzi. Ikasikika kama ya wale wa korido. Nikarudia tena. Nabor alikunja pua.

"Wote leo wamefanya hivyo. Mtu anahema kama ametoka saluni."

"Kwa sababu anaitia," Bi Otilia alisema. "Pumzi ile haikutiwa. Ilikosekana. Ni vitu viwili." Akainuka, polepole, na Dafne begani. Akausukuma mlango mzito kwa nyonga na kuingia chumbani kwangu bila kuomba ruhusa.

"Mama, mtoto hawezi kuingia humo," Iker alisema. "Akikohoa tu—"

"Huyu akilala hakohoi. Nimempakata kwenye viti vyenu vibaya saa nzima, namjua." Akanikabidhi. "Mbebe kwa mbele. Chini zaidi. Akukalie hapa, mbavuni. Sasa toa hewa yote. Yote. Usivute mpaka mwili ukudai. Usimngoje punda, mfikirie huyu uliye naye, unataka kumfikisha ng'ambo na daraja ni la kamba. Utakapokatika, katika."

Dafne ana kilo kumi na saba. Kichwa chake kilikuwa na joto chini ya kidevu changu, magoti yake yamenichoma tumboni. Nilitoa hewa mpaka nikaona nyota. Picha ikaja. Nilimwona punda na sikumwona. Niliona ngazi za shule ya jioni, na kibanda, na muuza gesi, na mtoto huyu mzito ambaye lazima afike.

"Mimi ni mdogo, lakini njia—"

Na hapo hapakuwa na kitu. Sikuchagua. Mdomo wa punda ulikwenda peke yake, mimi nikawa nakamata hewa kama mtu anayekamata kofia kwenye upepo.

"—naijua."

Nyuma ya kioo, Nabor na Iker walikuwa wamevuta pumzi. Nilimwona Iker akigundua kwamba ameivuta, akaitoa taratibu, kwa aibu, kama mtoto aliyeonekana jikoni.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi," aliniambia kwenye hedifoni. "Uje na kitambulisho. Tutawaambia wale wengine… nitawaambia mwenyewe." Akachukua kalamu. "Na majina yataandikwa mwishoni, siku hizi tunaandika. La sauti ya kwanza pia, kama mwenyewe anakubali."

Nilimgeukia Bi Otilia. Alikuwa amesimama kwenye kimeza, mahali pake, karatasi kaishika mbali kidogo kwa ajili ya macho, kidole kinapita chini ya maneno. Nilidhani atalia, nikajiandaa kumshika kwa mkono uliobaki.

"Barragán, kwa herufi r mbili," alimwambia Iker. Kisha akanigeukia. "Ile 'mdogo' umeimeza. Mtoto hamezi maneno kuhusu udogo wake, anayasema yote, amechoka kuambiwa. Mara nyingine."

"Tayari tunayo nzuri, mama," Iker alisema.

"Nimesikia. Mara nyingine."

Nabor hakumtazama mwongozaji. Alirudisha picha nyuma, mpaka punda akashusha uso wake.